Daktari wa Meno: Alisomea Wapi, na Nani Mwingine Humlipa?

Mtu anayetoka Mkongani, hapa Kwale, na shavu lililovimba hana muda wa kusoma ukuta. Ameshatoa nauli ya bodaboda, amekesha akisukutua kwa maji ya chumvi, na anachokitaka ni ganzi tu. Ila ukuta wa kliniki ya meno, iwe Kwale mjini, Ukunda au Msambweni, una majibu ya nusu ya maswali ambayo mgonjwa angefaa kuuliza. Nusu ya pili haimo ukutani, na hapa Kenya haimo kwenye daftari lolote la umma. Hiyo itabidi uiulize kwa mdomo wako.

Maswali yenyewe ni mawili. Huyu anayetaka kunidunga sindano ya ufizi ni nani? Na kuna mwingine anayemlipa mbali na mimi?

Tuanze na la kwanza, kwa kuwa ndilo linaloumiza watu wengi zaidi. Fremu ya kutafuta ukutani si ile ya chuo kikuu yenye muhuri wa kung'aa. Tafuta cheti cha usajili cha Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, liitwalo KMPDC, ambalo lilikuwa Bodi mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2019. Baraza hilo hufanya kazi chini ya Sura ya 253 ya sheria za Kenya, na mtu hawezi kujiita daktari wa meno na kutibu watu bila kuandikishwa nalo. Cheti cha usajili hutolewa mara moja tu. Kando yake panatakiwa pawe na karatasi nyingine, isiyo na urembo, ambayo ndiyo yenye uzito: leseni ya mwaka. Hiyo huisha tarehe 31 Desemba, na ili aipate mpya daktari hutakiwa aonyeshe kwamba amehudhuria mafunzo ya kujiendeleza na kukusanya pointi zake. Basi tazama mwaka ulioandikwa. Ukiikuta ya miaka miwili iliyopita imetundikwa, vumbi limeshaingia ndani ya kioo, una haki ya kuuliza iliyo hai iko wapi. Karatasi ya tatu ni ya kliniki yenyewe, maana mahali pa kutibia napo pana leseni yake, mbali na ya mtu.

Halafu linganisha jina na mtu. Hapa ndipo ujanja ulipo. Unaweza kukuta vyeti vyote ni halali, lakini ni vya daktari aliye Mombasa au Nairobi, anayekuja siku moja kwa wiki au haji kabisa, na aliyekushikia koleo ni mwingine. Kumfunika asiyesomea kwa jina na leseni yako ni kosa la kimaadili linalojulikana na Baraza, na mwenye vyeti naye hana pa kujificha. Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa, sema tu: "Daktari, samahani, sijalishika jina lako." Atakayekutajia jina lililo kwenye fremu hatachukia. Atakayeanza kuzunguka amekujibu.

Vyeo navyo vinachanganya watu, na si haki kuwaita wote matapeli. Daktari wa meno kamili husoma chuo kikuu miaka 5 na kupata shahada inayoandikwa BDS, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini kabla ya kuachiwa peke yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiwafundisha tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilijiunga baadaye sana. Ukiona DDS badala ya BDS usishtuke. Ndiyo shahada inayotolewa Muhimbili, Dar es Salaam, na kwetu huku mpakani si ajabu kumkuta aliyesomea Tanzania. Wengi wamesomea India. Aliyesoma nje hupitia mtihani wa Baraza kabla ya kusajiliwa, kwa hiyo swali la maana si "ulisomea nchi gani?" bali "umesajiliwa hapa?"

Kuna pia afisa wa afya ya kinywa ya jamii, mwenye diploma ya chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC. Huyu husafisha meno, huziba matundu, hung'oa meno yasiyo na utata, na huzunguka shuleni kufundisha watoto. Naye husajiliwa na Baraza hilo hilo. Kwa vijiji vya Matuga na Kinango mara nyingi ndiye wa kwanza kupatikana, na akiwa na leseni yake hana upungufu wa kuonea haya. Upungufu huanza pale anapokubali kazi iliyo juu ya mafunzo yake, kama gego lililolala ndani ya taya. Fundi wa maabara ya meno ni mwingine tena: kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia kwa agizo la daktari, si kukung'oa yako. Na "bingwa", awe wa upasuaji wa taya, wa meno ya watoto au wa kunyoosha meno, ni daktari aliyeongeza shahada ya uzamili na kutambuliwa na Baraza katika fani hiyo. Kozi ya siku tatu hotelini haimfanyi mtu bingwa, hata cheti chake kiwe kikubwa namna gani.

Usiyeweza kusoma ukuta unaweza kusoma simu. Tovuti ya KMPDC ina orodha ya waliosajiliwa, na kuitafuta hakulipiwi zaidi ya bando. Andika majina yote kama yalivyo kwenye fremu, na kama kuna namba ya usajili, tumia namba, maana Pwani yetu ina akina Hassan Ali wa kutosha kujaza kivuko cha Likoni. Ukilikosa jina, usikimbilie kumwita mtu mwongo. Huenda limeandikwa kwa herufi tofauti, au ni Januari na leseni ziko njiani. Muulize, kisha liulize Baraza lenyewe. Na ukilipata, ujue umepata nini: orodha inakwambia anaruhusiwa kutibu. Haikwambii kama mkono wake ni mwepesi.

Diani ina yake. Wageni wengi, kliniki nyingi, na mara kwa mara madaktari wa kigeni, wakiwemo wanaokuja kwa kambi za matibabu ya bure vijijini. Kambi ya bure haimwondolei mtu sharti la leseni. Daktari wa nje anayeng'oa meno chini ya mwembe shuleni anatakiwa awe na kibali cha muda cha Baraza kama anayetoza maelfu kando ya ufuo. Wazee wa mtaa na walimu wakuu wanaoombwa uwanja wana nafasi nzuri ya kudai karatasi hizo wiki moja kabla, wala si asubuhi ya kambi watu wakiwa wameshapanga foleni.

Pesa isiyoonekana ukutani

Sasa lile la pili. Marekani waliamua kulijibu kwa sheria. Mwaka 2010, ndani ya sheria kubwa ya bima ya afya ya wakati wa Rais Obama, liliingizwa sharti kwamba kampuni za dawa na za vifaa vya tiba ziripoti kwa serikali zinachompa daktari: chakula, nauli, ada ya kuhutubia, ada ya ushauri, pesa za utafiti, hata hisa. Ukusanyaji ulianza Agosti 2013, na Septemba 2014 umma ukaanza kusoma. Kwa sheria hiyo neno "daktari" linamjumuisha daktari wa meno. Kwa hiyo mwenye ndugu Minneapolis au Atlanta anaweza kumwambia afungue tovuti ya Open Payments, aandike jina la daktari wake wa meno, aone kama kampuni ya vipandikizi au ya kunyoosha meno ilimlipa, kiasi gani, na kwa jambo gani. Ni bure. Ufaransa nao walipitisha sheria yao mwaka 2011, baada ya kashfa ya dawa iitwayo Mediator, na wana tovuti ya aina hiyo.

Je, chakula cha mchana kinaweza kumgeuza daktari? Watafiti wa Marekani walizichambua rekodi hizo na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona kwa madaktari karibu 280,000: hata mlo mmoja, wenye thamani ya wastani chini ya dola 20, ulikwenda sambamba na daktari kuandika zaidi dawa ya kampuni iliyoununua. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mlo ndio uliosababisha. Lakini kampuni hazijulikani kwa kulisha watu wasiozifaa.

Kenya haina daftari la umma la namna hiyo. Tulicho nacho ni vipande. Sheria ya kupambana na hongo ya 2016 inagusa hata sekta binafsi. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inamgusa mtumishi wa umma, na daktari aliyeajiriwa na Kaunti ya Kwale ni mtumishi wa umma. Kampuni kubwa za dawa zina kanuni zao za kimataifa, ambazo tangu 2019 zinakataza zawadi binafsi kwa madaktari. Kanuni hizo wamejiwekea wenyewe na wanazisimamia wenyewe. Na kipo kipande kimoja ambacho nadhani hakitajwi vya kutosha: sheria ya 2012 ya kudhibiti maziwa mbadala ya watoto wachanga. Hiyo inaizuia kampuni ya maziwa ya kopo kumpa mhudumu wa afya zawadi, na inamzuia mhudumu kupokea. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Kwa maziwa ya kopo tuliliweza. Kwa meno hatujajaribu.

Pesa yenyewe hufikaje? Mara nyingi haina sura ya bahasha. Mwakilishi wa kampuni, mkoba begani na shati limepigwa pasi, hupita kliniki hadi kliniki na sampuli za dawa ya meno na kalenda ya mwaka. Zile pointi za kujiendeleza nilizozitaja juu hupatikana kwenye semina na makongamano, ukumbi hukodiwa, chai hunywewa, na mdhamini wa chai mara nyingi ni muuzaji mwenye meza yake mlangoni. Si kila udhamini ni uovu. Vifaa vipya vya kuzibia meno vinahitaji mtu wa kufundisha namna ya kuvitumia, na anayevijua zaidi ni aliyevitengeneza. Tatizo ni mgonjwa kuwa mtu pekee katika mnyororo huo asiyejua nani alilipia chai.

Hata hivyo, kwa mtu wa Mkongani mgongano wa maslahi ulio karibu zaidi hauna kampuni ya ng'ambo ndani yake. Ni pale unapofika hospitali ya umma asubuhi ukaambiwa kazi hii hapa haifanyiki, ila jioni ukienda kliniki fulani itafanyika, na kliniki hiyo kumbe ni ya huyo huyo aliyekwambia. Ni pale unapotumwa kupiga picha ya eksirei mahali pamoja tu, na si kwa jirani yake, kwa sababu kuna "asante" inayorudi kwa aliyekutuma. Kugawana ada kwa namna hiyo hakuruhusiwi na maadili ya taaluma. Kufanya kazi ya umma na ya binafsi kwa pamoja ni kawaida nchini. Kumsukuma mgonjwa kutoka huku kwenda kule kwa faida yako ni jambo lingine. Ukikutwa na hali hiyo, uliza swali moja la wazi: "Nikibaki hapa hospitalini, nitangoja mpaka lini, na nitalipa nini?" Jibu likiwa tarehe, umetendewa haki hata kama ni mbali. Jibu likiwa mabega yaliyoinuliwa, omba rufaa ya maandishi kwenda Msambweni, au Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa.

Namna ya kuuliza bila ugomvi

Sisi watu wa Pwani tuna haya mbele ya koti jeupe, na mzee aliyelelewa kusema shikamoo hataki kuonekana anamhoji daktari. Hakuna haja ya kuhoji. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za tiba zilizopo, faida na hatari zake, na gharama. Kwa hiyo unamkumbusha tu wajibu wake.

Tuseme mama amempeleka binti wa miaka 14, daktari amesema jino litibiwe mzizi kisha livikwe kofia, na ametaja aina ya kofia na kampuni yake. Mama anaweza kusema: "Daktari, usinione mjuaji. Ziko njia nyingine, hata za bei nafuu? Na hii kampuni uliyoitaja, una kazi yoyote nayo?" Daktari mwenye kazi safi hujibu kwa sentensi mbili. Huenda akasema: "Mama, walinilipia semina mwaka jana, lakini ipo nyingine na bei yake ni hii." Hilo ni jibu zuri kuliko yote, na mimi ningemrudia daktari huyo. Mwombe aandike hesabu kitu kwa kitu: picha, dawa ya ganzi, kazi, kifaa. Bei ya jumla iliyosemwa kwa mdomo haimwonyeshi mtu alichouziwa. Kwa kazi kubwa isiyo ya dharura, maoni ya daktari wa pili ni haki yako chini ya mkataba wa haki za wagonjwa wa 2013. Nauli ya kwenda Ukunda kuuliza tena ni ndogo ukilinganisha na jino lililokatwa bure.

Dawa nazo, mwambie aandike jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Amoxicillin ni amoxicillin. Ya jina maarufu inaweza kukugharimu mara kadhaa bila kukuponya mara kadhaa.

Dawa ya meno ya kupigia mswaki ni mfano bora zaidi wa nani analipa nani, kwa kuwa matangazo yake hupenda koti jeupe. Kinachozuia kuoza ni madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na halikutaja kampuni. Geuza tyubu, tafuta herufi ppm: kati ya 1000 na 1500 inatosha, na ile ya bei ya chini ikiwa na kiasi hicho pamoja na alama ya ubora ya KEBS (taasisi ya viwango ya Kenya), inafanya kazi ileile. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kidogo sana, kama punje ya mchele. Na mti wa mswaki ambao babu zetu waliutafuna, Shirika la Afya Duniani liliwahi kuutambua kuwa wafaa kusafishia meno pale unapotumiwa kwa desturi. Sijawahi kusikia semina iliyodhaminiwa na mti huo.

Aliyefichua habari kubwa kuliko zote katika uwanja huu wa nani humlipa nani ni daktari wa meno mwenyewe. Cristin Kearns, Mmarekani, alichimba barua za zamani za vyama vya wenye viwanda vya sukari, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakachapisha walichokipata. Viwanda vilijua tangu miaka ya 1950 kwamba sukari huozesha meno. Serikali ya Marekani ilipopanga mpango wake wa kupambana na kuoza kwa meno mwaka 1971, viwanda hivyo vilikuwa vimeshauelekeza utafiti upande wa chanjo na vimeng'enya vya kuvunja utando, ili lile la kupunguza sukari lisiguswe. Asilimia 78 ya mapendekezo yao iliingia kwenye mwito wa serikali wa utafiti. Kwale tuna mashamba ya miwa tangu enzi za kiwanda cha Ramisi, na sisemi mkulima aone haya. Nasema tu kwamba ukiona kambi ya meno ya shule inafadhiliwa na muuza soda au peremende, angalia kama somo la siku hiyo lilitaja sukari.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa mkono mwingine kwa taasisi za umma. Unaweza kuiandikia hospitali ya kaunti, au Baraza lenyewe, kwa Kiswahili, ukiuliza kwa mfano nani alitoa kiti kipya cha meno na kwa masharti gani, au kama kuna kampuni iliyodhamini kambi ya mwezi uliopita. Huhitaji kusema kwa nini unataka kujua. Asiyejua kuandika ana haki ya kumweleza ofisa, naye aandike. Ombi halilipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili karatasi, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakinyamaza, unapeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu waiitayo Ombudsman.

Malalamiko juu ya tiba mbaya au juu ya mtu asiye na leseni yanakwenda KMPDC. Hayo yataombwa ushahidi, na ushahidi wa meno hupotea haraka: jino hutupwa, uvimbe hushuka. Kabla hujaondoka kliniki chukua risiti yenye jina la kliniki, hifadhi ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha pesa ilikwenda kwa nani, omba nakala ya picha ya eksirei, na piga picha ya karatasi ya dawa. Ukiwa na ruhusa, piga na ile leseni ya ukutani, mwaka wake usomeke.